Mabaki ya Sindano: Kutoka Paisley hadi Clydebank

Magharibi ya Scotland, katika eneo ambalo pembe yake ya mbali hufikiwa kwa treni kwa muda wa saa moja hivi kutoka stesheni kuu ya Glasgow, iko miji michache ambayo kwa zaidi ya karne moja iliilisha dunia shali, uzi, darizi na cherehani. Msafiri wa kawaida huipita akielekea milimani au visiwani, wala hastahili lawama, kwa kuwa viwanda vyake vingi vimebomolewa na baadhi ya vilivyosalia vimegeuzwa nyumba za kuishi. Hata hivyo fundi cherehani, mdarizi, msanifu wa vitambaa au mtu yeyote anayetaka kujua mawazo ya sanaa za nyumbani huzaliwa wapi, atakuta humo kitu ambacho makumbusho makubwa ya mavazi hayakitoi kwa urahisi, nacho ni mabaki ya ushonaji, yaani vile vitu vidogo ambavyo havikutengenezwa ili vidumu: karatasi za pateni, kadi za matangazo, stakabadhi za malipo, vigurudumu vya mti vya kuzungushia uzi, madaftari ya mazoezi ya wanafunzi, na vipande vya kitambaa vilivyoachwa na kazi kabla kazi haijaisha.

Vazi lililokamilika, likiwekwa ndani ya kabati la kioo, huonyesha ustadi na wakati huohuo huficha kazi, kwa sababu kanuni ya ushonaji mzuri tangu zamani ni kwamba bandi ifumuliwe, alama ya chaki ifutike na mshono ugeuziwe ndani. Karatasi iliyotobolewatobolewa kwa pini, au kipande cha melimeli ambacho mdarizi alikiachia katikati, huyaacha yote hayo wazi, hata mtazamaji akaweza kufuata uamuzi mmoja baada ya mwingine: hapa mstari ulichorwa ukafutwa, hapa rangi mbili zilijaribiwa pembezoni, hapa mkono ulichoka na mshono ukapanuka. Mtu anayetafuta mawazo ya kazi yake mwenyewe hufaidika zaidi na uamuzi unaoonekana kuliko uzuri uliokwisha kufungwa. Isitoshe, mabaki hayo yameandikwa bei, majina ya wenye mali na kiasi cha ujira, na kwa hiyo hayamruhusu msomaji wake kubaki na ile picha tamu ya bibi aliyekaa dirishani na sindano, picha ambayo majarida ya mapambo ya nyumba huiuza kila mwaka bila kuuliza bibi huyo alilipwa nini.

Mji wa kwanza katika safari ya namna hii ni Paisley, ulio kilomita 11 hivi magharibi ya Glasgow, kando ya mto White Cart. Jina lake limeenea duniani kwa sababu ya umbo moja, lile tone lililopinda ncha ambalo watu wa pwani ya Afrika Mashariki hulijua kwenye kanga kwa jina la korosho. Umbo hilo halikuzaliwa Paisley. Lilitoka Uajemi na Kashmir, ambako mafundi walifuma shali kwa sufu laini ya mbuzi wa milimani, na likafika Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 18 kwa mikono ya watu wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, kisha likapata umaarufu zaidi pale maofisa wa Napoleon waliporudi kutoka Misri na shali za kuwazawadia wake zao. Shali moja ya Kashmir ilikuwa na bei ambayo ni matajiri tu walioweza kuimudu, na wafumaji wa Edinburgh, Norwich na Ufaransa wakaanza kuiga. Paisley iliingia katika biashara hiyo mwanzoni mwa karne ya 19, ikaiga kwa bei nafuu kuliko wote, na kufikia katikati ya karne jina la mji likawa ndilo jina la umbo lenyewe kwa wasemaji wa Kiingereza. Jambo hilo linastahili kusemwa bila kupepesa, kwa sababu mji huo unasifiwa kwa ubunifu wakati msingi wa utajiri wake ulikuwa wizi wa wazi wa michoro ya watu wengine, ingawa wachoraji wake baadaye waliiendeleza michoro hiyo hadi mahali ambapo Wakashmiri wenyewe walianza kufuata mtindo uliopendwa Ulaya.

Makumbusho ya mji huo yanamiliki zaidi ya shali elfu moja, lakini kilicho na mafunzo zaidi kwa msanifu ni karatasi zilizotangulia shali hizo. Mchoraji alianza kwa kupaka rangi za maji umbo analolitaka, na mara nyingi hakuchora shali nzima, kwa kuwa pambo la upande mmoja lingegeuzwa kama kwenye kioo na kurudiwa upande wa pili. Mchoro huo ulihamishiwa kwenye karatasi ya miraba midogo, ambamo kila mraba ulisimama badala ya mahali ambapo uzi wa mtande, yaani uzi uliotandikwa kwa urefu wa kitanda cha kufumia, unakutana na uzi wa mshindio unaopitishwa kwa upana. Mkunjo laini wa korosho ukageuka ngazi za miraba, na mchoraji akalazimika kuamua, mraba kwa mraba, ni wapi mkunjo uvunjike ili jicho lisione kuvunjika kwake. Baada ya mtambo wa Jacquard, uliobuniwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, kuenea Paisley, miraba hiyo ilitobolewa kama matundu kwenye kadi ngumu ambazo ziliuongoza mtambo kuinua nyuzi zinazohitajika. Anayezitazama karatasi hizo huona umbo likiwa katikati ya kuhama kutoka mkono kwenda mtambo, na si vigumu kuelewa kwa nini wasanifu wa vitambaa, wafumaji wa masweta na hata wachoraji wa michezo ya kompyuta huvutwa na karatasi za miraba kuliko shali zenyewe.

Upande wa pili wa kazi hiyo unaonekana katika nyumba ndogo za wafumaji ambazo zimehifadhiwa mjini humo kwa jina la Sma' Shot Cottages. Jina hilo lina kisa chake. Shali ya rangi nyingi ilihitaji uzi mmoja mwembamba sana wa mshindio ambao ulizifunga pamoja nyuzi za rangi bila wenyewe kuonekana juu ya kitambaa. Waskoti waliuita kwa lahaja yao sma' shot. Wenye mali, waliogawa kazi na kulipa kwa kipande, walikataa kuulipia kwa hoja kwamba hauonekani, na mfumaji akawa anaununua kwa fedha zake na kuufuma bila malipo, ingawa bila uzi huo shali ingefumuka mabegani mwa mvaaji. Wafumaji walidai, wakagoma, wakaandamana, na mwaka 1856 wenye mali wakakubali kuulipia. Mji huadhimisha ushindi huo hadi leo kila Jumamosi ya kwanza ya Julai, kwa ngoma iliyotumika zamani kuwaita wafumaji mikutanoni. Ni nadra kukuta sikukuu ya mji iliyowekwa kwa ajili ya uzi usioonekana, na msafiri anayepanga ziara yake afanye hesabu ya kuwa hapo siku hiyo.

Mitindo ya nguo ndiyo iliyoimaliza biashara ya shali. Karibu na mwaka 1870 wanawake wa Ulaya walianza kuvaa magauni yaliyotuna nyuma, ambayo shali kubwa ingeyafunika, na katika muda mfupi bidhaa iliyokuwa zawadi ya harusi ikawa kitambaa cha kufunikia piano. Paisley ilinusurika kwa sababu tayari ilikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1806, vita vya Napoleon vilipofanya hariri iwe adimu, Patrick Clark wa Paisley alipata njia ya kusokota uzi wa pamba ulio laini na imara kiasi cha kuchukua nafasi ya hariri katika sehemu za kitanda cha kufumia, na familia yake ikatambua upesi kwamba uzi huohuo ungefaa kushonea. Familia ya Clark ilifungua kiwanda mwaka 1812, familia ya Coats ikafuata mwaka 1826 katika eneo la Ferguslie, na baada ya miongo kadhaa ya ushindani mkali makampuni hayo yakaungana mwaka 1896. Katika kilele chake viwanda vya uzi vya Paisley viliajiri watu karibu 10,000, wengi wao wasichana na wanawake. Kazi ya mwisho ilisimama mwaka 1993.

Mabaki ya zama hizo ni madogo kwa umbo, kuanzia vigurudumu vya mti na vibandiko vya karatasi vya mviringo vilivyobandikwa vichwani mwake hadi kadi za rangi zilizofungiwa vinyuzi halisi ili mnunuzi achague. Husimuliwa kwamba zamani uzi uliuzwa kwa vifundo, na kwamba mteja aliyetaka kuzungushiwa uzi wake kwenye kigurudumu cha mti alilipa nusu peni zaidi, akarudishiwa fedha hiyo aliporudisha kigurudumu kitupu. Vibandiko vyenyewe vinastahili kutazamwa kwa makini na mtu anayejifunza uchapaji, kwa sababu mchoraji alikuwa na nafasi isiyozidi upana wa sarafu, na ndani yake aliweka jina la kampuni, namba ya unene wa uzi, urefu wake kwa yadi na alama ya biashara, vyote vikisomeka kwenye duka lenye mwanga wa taa ya mafuta.

Kutoka Paisley reli inaelekea kusini-magharibi hadi Ayr, mji wa bandari ambao kwa upande wa mabaki yanayoonekana hauna mengi ya kumzuia msafiri, lakini ambao mkoa wake wa Ayrshire uliipa jina aina mojawapo ya darizi nyeupe bora kuwahi kufanywa. Darizi nyeupe ni kazi ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ambamo pambo huonekana kwa tofauti ya unene na kwa matundu, wala si kwa rangi. Inaelezwa kwamba karibu na mwaka 1814 mwanamke wa Ayr anayejulikana katika vitabu kwa jina la Bi. Jamieson alionyeshwa kanzu ya mtoto iliyoletwa kutoka Ufaransa, akaichunguza mpaka akaelewa namna matundu yake yalivyojazwa utando wa sindano, kisha akawafundisha wanawake wengine. Katika miongo miwili maelfu ya wanawake wa Ayrshire na wa kaskazini mwa Ireland walikuwa wakidarizi kanzu za ubatizo na kofia za watoto kwa ujira wa kipande.

Msomaji wa Unguja, Lamu au Ngazija hatahitaji maelezo marefu kuhusu kazi hiyo. Kofia inayodariziwa kwa mkono katika visiwa hivyo hufuata mantiki ileile: kitambaa cheupe huchorwa kwa penseli, matundu hutobolewa na kingo zake kushikizwa kwa mishono ya karibukaribu hadi ziwe ngumu, na hewa inayopita matunduni huwa sehemu ya pambo. Hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alimwiga mwingine, maana tatizo likiwa moja, sindano ikiwa ileile na kitambaa kikiwa cheupe, majibu hukaribiana. Kinachoshangaza zaidi katika darizi ya Ayrshire ni mpango wa kazi. Kuanzia miaka ya 1830 mawakala wa Glasgow walipiga chapa ya michoro kwenye melimeli kwa wino unaofulika, wakaisambaza vijijini kwa wanawake waliofanya kazi majumbani mwao, kisha wakaikusanya, wakaifua na kuiuza. Mdarizi alijua mkono wake tu, hakumjua mnunuzi. Vipande vilivyobaki bila kumalizwa, vyenye wino wa buluu ambao haukupata kufuliwa, ndivyo vinavyomwonyesha mtazamaji kwamba kanzu iliyosifiwa kuwa kazi ya upendo wa mama ilikuwa bidhaa yenye namba, iliyopangwa ofisini na mtu asiyeshika sindano. Tasnia hiyo iliporomoka katika miaka ya 1860, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba na mashine za kudarizi za Uswisi zilipoanza kutoa kazi inayofanana kwa bei ndogo.

Glasgow ndiko mabaki haya yalikogeuzwa kuwa elimu, na hapa safari inastahili kukaa zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 somo la sindano lilikuwa la lazima kwa wasichana katika shule za msingi za Uingereza, na mwalimu mwanafunzi alitakiwa kutengeneza daftari la vielelezo, yaani albamu ambayo kila ukurasa wake ulishikizwa kipande kidogo cha kitambaa chenye kazi moja: tundu la kifungo, kiraka cha flana, upindo, mikunjo ya kiuno, soksi iliyotiwa uzi mahali ilipotoboka. Yako madaftari yenye vishati vizima vya ukubwa wa kiganja, vilivyoshonwa kwa mishono ambayo jicho la kawaida haliwezi kuihesabu bila kioo cha kukuzia. Leo vitu hivyo hupendwa sana na wakusanyaji, na ni kweli kwamba mpangilio wake wa vipande vyeupe juu ya karatasi ya kahawia una uzuri ambao msanii yeyote wa kisasa angeuonea wivu. Lakini uzuri huo ulipatikana kwa kuharibu macho ya watoto, kwani msichana wa miaka saba alifundishwa kushona kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe ili baadaye awe mtumishi anayejua kutengeneza nguo za wengine. Mafunzo ya aina hiyo yalivuka bahari pamoja na wamisionari. Katika shule ya wasichana ya Mbweni, Unguja, iliyoendeshwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, sindano ilikuwa sehemu ya kawaida ya ratiba.

Aliyeanza kuupindua mtazamo huo alitoka Paisley. Jessie Newbery, aliyezaliwa mwaka 1864 akiwa binti wa William Rowat, mtengenezaji wa shali, alianzisha darasa la kudarizi katika Shule ya Sanaa ya Glasgow mwaka 1894. Alikulia katika nyumba ambamo michoro ya shali ilikuwa mali ya familia, lakini hakuendeleza wingi wa mapambo yake. Alichagua kitani kikavu, flana na vitambaa vya bei nafuu, akakata maumbo makubwa na kuyashikiza juu ya kitambaa kingine kwa mshono unaoonekana, mbinu ambayo mafundi wa Kiswahili wangeielewa kama kazi ya viraka vya mapambo. Waridi la Glasgow, lile duara lililokunjwakunjwa ambalo hutambulisha mtindo wa mji huo, katika darizi lilikuwa kipande cha kitani cha waridi kilichokatwa karibu mviringo na kuwekewa mistari michache ya uzi. Darasa lake lilipokea pia walimu na wanawake wa kawaida siku za Jumamosi, jambo ambalo katika shule ya sanaa ya wakati huo halikuwa dogo.

Ann Macbeth, mwanafunzi wake aliyemrithi mwaka 1908, alikwenda mbele zaidi. Mwaka 1911 yeye na mwalimu Margaret Swanson walitoa kitabu, Educational Needlecraft, ambacho kililishambulia daftari la vielelezo katika mzizi wake. Hoja yao ilikuwa kwamba mtoto aanze na kitambaa kizito, uzi mnene wa rangi inayopingana na kitambaa, na mshono mkubwa unaolingana na uwezo wa jicho na kidole chake. Mishono ipungue ukubwa kadiri mtoto anavyokua. Na pambo litokane na mshono unaoshikilia vazi, hivi kwamba upindo wenyewe uwe taraza. Mtoto alipewa ruhusa ya kuchagua rangi na mpangilio, na akawa mbunifu tangu kazi yake ya kwanza. Yeyote aliyewahi kufundishwa kushona kwa fimbo za vidoleni, alama ikikatwa kwa kila mshono uliopinda, ataona uzito wa mapinduzi hayo yaliyofanywa kwa kubadili unene wa uzi tu.

Macbeth huyohuyo alitumia sindano katika siasa. Alibuni mabango ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura, na kazi yake mashuhuri katika kundi hilo ni bango la mwaka 1910 lenye sahihi 80 za wanawake waliogoma kula gerezani, kila sahihi ikiwa imedariziwa juu ya kitani na kuzungukwa na rangi za chama chao. Kazi hiyo ilianza ikiwa mfarishi, yaani tandiko la kitanda, ikauzwa kwenye maonyesho ya kuchangisha fedha mjini Glasgow, kisha ikabebwa kama bango katika maandamano ya London mwaka huohuo, na sasa iko katika makumbusho ya jiji la London. Desturi ya nyumbani ya kudarizi majina ya wageni na marafiki kwenye kitambaa cha meza ilichukuliwa jinsi ilivyo. Kilichobadilishwa ni majina.

Msafiri mwenye siku moja tu ya Glasgow afanye mpango wa mapema wa kuona makusanyo ya Shule ya Sanaa, ambayo yanatunzwa kaskazini mwa jiji katika jengo lililokuwa ghala la wiski, maana jengo maarufu la shule hiyo lililobuniwa na Charles Rennie Mackintosh liliungua mwaka 2014 na tena mwaka 2018. Humo zimo kazi kutoka mpango ulioitwa Needlework Development Scheme, ulioanzishwa Scotland mwaka 1934 kwa fedha za kampuni ya uzi ya J. & P. Coats ili kukusanya darizi za nchi mbalimbali, za kale na za wakati huo, na kuziazimisha kwa shule nne za sanaa za Aberdeen, Dundee, Edinburgh na Glasgow. Baada ya Vita Kuu ya Pili mpango huo ulipanuka hadi shule za kawaida na vyama vya wanawake, ukachapisha vijitabu na vikaratasi vya mafunzo. Kazi hizo zilisafirishwa kutoka shule hadi shule ili wanafunzi wazione kwa karibu na kuzigeuza upande wa nyuma, upande ambao makumbusho hayaruhusu kuonekana na ambao mdarizi huutazama kwanza. Kampuni ilikuwa na maslahi yake, bila shaka, kwa kuwa anayedarizi hununua uzi. Hata hivyo ni vigumu kutaja kampuni nyingine ya bidhaa za nyumbani iliyowahi kufanya tangazo lenye heshima kiasi hicho kwa akili ya mteja. Mpango ulifungwa mwaka 1961, na vipande vyake zaidi ya 3,000 vikagawanywa kwa makumbusho, shule na vyama. Mgawanyo huo ulivitawanya, lakini ndio uliofanya viweze kuonekana leo katika miji mingi badala ya ghala moja.

Kituo cha mwisho ni Clydebank, kilomita 10 hivi kaskazini-magharibi ya Glasgow, ambako treni bado husimama kwenye stesheni iitwayo Singer ingawa kiwanda kilichoipa jina hakipo tena. Kampuni ya Singer ya Marekani ilianza kujenga hapo, mahali panapoitwa Kilbowie, mwaka 1882, ikafungua mwaka 1885, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kiwanda kilikuwa kikitoa zaidi ya cherehani milioni moja kwa mwaka. Mnara wake wa saa ulionekana kutoka pande zote za mji hadi ulipobomolewa mwaka 1963. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1980. Halmashauri ya eneo hilo imehifadhi mkusanyiko mkubwa wa cherehani, pamoja na vitabu vya maelekezo, vikasha vya vifaa na matangazo.

Matangazo hayo yanahitaji kusomwa kwa jicho la tahadhari. Kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893 kampuni ilichapisha mfululizo wa kadi za rangi zilizoonyesha watu wa mataifa mbalimbali wakiwa na cherehani, wakivaa mavazi yaliyohesabiwa kuwa ya asili yao, na nyuma ya kila kadi maelezo mafupi ya nchi. Wazulu wamo, wakiwa wamewekwa kandokando ya mashine kama ushahidi kwamba ustaarabu umewafikia kwa njia ya kigurudumu cha uzi na pedali. Mchapaji alijua kazi yake, rangi ni nzuri hata leo, na msanii anaweza kujifunza mengi kuhusu kupanga picha katika eneo dogo. Lakini anayeichukua kadi hiyo kama pambo la ukuta bila kujiuliza ni nani aliyepanga watu hao na kwa ajili ya macho ya nani, amechukua nusu tu ya kilichochapwa. Vilevile vitabu vidogo vya malipo ya awamu, mfumo ambao Singer iliuanza Marekani mwaka 1856, vinaonyesha namna mashine ilivyoweza kuingia katika nyumba maskini na pia namna ilivyoweza kuchukuliwa tena mlangoni wakati malipo yalipokatika.

Katika kiwanda hichohicho, Machi 1911, wanawake 12 waliokuwa wakipiga msasa na kung'arisha makabati ya cherehani waligoma baada ya kuongezewa kazi na kupunguziwa ujira, na katika siku chache wafanyakazi karibu wote, zaidi ya 10,000, wakatoka pamoja nao. Mgomo ulivunjika mwezi uliofuata na wengi walioongoza wakapoteza kazi. Kabati linalong'aa la cherehani ya mwaka huo, ambalo wauzaji wa vitu vya kale hulisifia rangi yake, lilipita katika mikono hiyo.

Pambo lenyewe la mashine ni somo la pekee. Mwili wa chuma mweusi ulipambwa kwa michoro ya dhahabu iliyohamishwa kutoka karatasi maalumu iliyoloweshwa, kisha ikafunikwa kwa vanishi. Baadhi ya mitindo ilichukua maua ya yungiyungi, na mtindo mmoja uliopendwa sana ulibeba sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu, kwa hiyo pambo la Kiafrika lilichorwa kwa ajili ya soko la dunia, likabandikwa kando ya mto Clyde, na baadaye likarudi Afrika mgongoni mwa mashine. Mafundi wa barazani Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wamelitazama kila siku bila kuhitaji kujua safari hiyo. Dhahabu hufutika kwanza ukingoni mwa bapa la mbele, mahali kitambaa kinapoteleza na mkono wa kushoto unapoegemea, kwa hiyo mashine ya kazi hutambulika mara moja mbele ya mashine ya maonyesho, na msanifu anayenakili michoro hiyo angefanya vyema kunakili pia mahali ilipofutika.

Fundi mwenye Singer ya zamani anaweza kupata asili yake kwa kusoma namba iliyopigwa kwenye bapa, upande wa kulia, chini ya gurudumu. Kuanzia mwaka 1900 namba hizo hutanguliwa na herufi: G ni ya kiwanda cha Elizabeth katika jimbo la New Jersey, na F au Y ni ya Kilbowie. Orodha za namba zimehifadhiwa, na kwa mashine nyingi mwaka wa kutengenezwa hujulikana bila kuifungua hata skrubu moja.